Vitone Sita na Ua la Chenga

Nyumbani, 10 Desemba 1978

Troels wetu amepewa bustani. Bustani nzima, Sidsel, si kipande: miti yote, nyumba ya vioo, mitende, mgomba, matoroli, na funguo kubwa kama za gereza. Tangu Ijumaa yeye ndiye Mkuu wa Bustani ya Mimea ya mji huu, na wenye vyeti vyao vya chuo wanamwambia "ndiyo, bwana".

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo binti yangu? Natumai barua hii itakukuta mzima huko Greenland kwenye barafu, na kwamba zile soksi nilizokufumia unazivaa, hukuzizika kabatini. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linaloninung'unikia asubuhi.

Bodil wa ghorofa ya chini nilimkuta kwenye pipa la takataka. Nikamuuliza, "Bodil, mwanao bado yuko pale benki anahesabu hela za watu?" Akasema ndiyo, bado. Nikamwambia, "Wangu sasa anahesabu miti, na yote ni yake." Alibamiza mfuniko hadi paka akatoka mbio. Nilipanda ngazi bila kuhisi goti.

Sasa sikiliza kwa nini nakuandikia leo wala sikungoja Krismasi. Unajua bustani ile hufungwa vuli inapoisha, kwa sababu kila mtu anaamini baridi ikiingia hakuna cha kuona ila vijiti. Mimi pia niliamini hivyo, na ni mimi niliyemzaa. Kumbe miaka mitatu hii mdogo wako amekuwa akipanda njia moja upande wa kaskazini, mimea ya baridi peke yake. Kamati ya bustani imemruhusu alifungue lango siku ya Mishumaa, ile sikukuu ya kanisa ya Februari, watu waje waone. Ni jaribio. Watu wasipokuja, bustani itakuwa inafungwa kila baridi na mafuta ya boila hayatanunuliwa tena. Hapo mitende na mgomba ndiyo kwaheri, maana hakuna mgomba wa kuishi hapa kisiwani Fyn bila moto.

Jumapili alinishika mkono akanipeleka. Akasema, "Mama, simama hapa. Unaona nini?"

"Naona viatu vyangu vinaharibika."

"Inua kichwa."

Nikainua. Umande ulikuwa umeganda kila mahali. Yale majani makavu niliyokuwa nayaita takataka yalikuwa yamepambwa kingo zote, jani kwa jani, kama vile vitambaa alivyokuwa akifuma bibi yenu. Vichaka vyenye matawi mekundu vilisimama kama moto uliogoma kutoa moshi. Nyuma yake ile miti yenye gome jeupe, halafu ukimya. Hata viatu nilivisahau. Troels akaniambia, "Wakati wa kiangazi mti umevaa nguo, Mama. Sasa ndiyo unauona wenyewe." Nikamwambia afunge shingo, maana ana mapafu ya baba yake. Lakini nililia kidogo ndani ya skafu.

Mwandikie, Sidsel. Neno moja la hongera. Mwaka wa pili huu unaisha tangu mazishi ya baba yenu na hamjatamkiana hata "hujambo". Mimi nina watoto wawili tu duniani, na nimechoka kuwa posta katikati yao.

Ni mimi mama yako,
Mama wa Mkuu wa Bustani


Godthåb, Greenland, 27 Desemba 1978

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na soksi nimezivaa mbili mbili. Natumai goti lako limetulia na kwamba Krismasi ilikuwa njema. Hapa nilizalisha watoto mapacha mkesha wa sikukuu, baba yao akaniletea nyama ya sili, yule mnyama wa baharini, kwenye ndoo, ikawa ndiyo chakula chetu wakunga wote.

Nimefurahi kwa ajili yako. Nasema kweli. Ulivyoielezea njia ile niliisoma mara ya pili, kwa sababu hapa hakuna mti hata mmoja. Nikichungulia dirishani naona mwamba, theluji, bahari na mbwa. Sijagusa gome la mti tangu niondoke.

Lakini usiniombe nimwandikie. Siku yake ya mwisho Baba alimwita mchana kutwa. "Troels yuko wapi? Troels amefika?" Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mkono wake, namdanganya kwamba yuko njiani. Naye alikuwa kwenye nyumba ya vioo, boila limekufa, anaufunika mgomba kwa mablanketi. Nilimwambia pale makaburini kwamba atafia kwenye vyungu vyake vya maua. Sijaona sababu ya kuyameza maneno yangu.

Jitunze Mama, usishuke ngazi kukiwa na barafu.

Mwanao,
Sidsel


Nyumbani, 8 Januari 1979

Sidsel binti yangu,

Hujambo? Sisi tu wazima, ingawa ilibaki kidogo tuzikwe. Mwaka mpya ulitukuta chini ya theluji. Ilianguka kuanzia Jumamosi, ikaja na upepo, ikawa haianguki tena bali inatembea. Jeshi lilitoa magari yake ya minyororo kuwabeba waja wazito. Mlango wa chini ulizibwa wote, Bodil akatolewa kwa dirisha la jikoni kama mkate unaochomolewa tanurini, makalio kwanza. Nilimsaidia, usidhani sikumsaidia. Nilicheka baadaye.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza. Sitakujibu hayo.

Troels alikwenda bustanini na mbao za kuteleza miguuni, na fagio mgongoni. Kila theluji ikitua kwenye paa la vioo anapanda ngazi kuifagia, isije ikalilemea. Vioo vyote vimepona. Mgomba umetoa hata mkungu, ndizi zake kama vidole vya mtoto mchanga, na gazeti limempiga picha akiwa ameushika. Nimenunua nakala za kutosha. Moja nimeipitisha chini ya mlango wa Bodil.

Kila akija kunywa kahawa huuliza, "Hamna kitu kutoka Greenland?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna sukari. Nilimwambia unamsalimu. Ndiyo, nilisema uongo, na nitausema tena.

Juzi alinikumbusha zile barua za chenga. Alikuwa anachimbua theluji kuona kama maua ya chenga yameanza kutoboa, yale meupe yenye kichwa kilichoinama, yanayoipiga chenga baridi. Akasema, "Mama, nyumba yetu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote kwa mchezo ule." Na ni kweli. Watoto wa wenzetu walipata barua ya karatasi iliyokatwakatwa kwa mkasi, ua ndani yake, shairi, na vitone badala ya jina. Wakahesabu vitone, kila herufi ya jina kitone chake, wakamjua aliyetuma, basi; aliyekisia sawa anapata yai la Pasaka, aliyekosa analitoa. Sisi je? Verner, Gudrun, Sidsel, Troels. Herufi sita, kila mmoja. Kila barua vitone sita, na shairi ni lile lile moja alilotunga baba yenu. Hakuna aliyewahi kumjua mtumaji hata mara moja, na kila Pasaka tulidaiana mayai hadi tunagombana. Unakumbuka mwaka ule ulipoapa ni baba yako, ukamfuata kazini kumdai yai la kuchemsha, kumbe ni Troels, na kalamu hajajua kuishika vizuri? Baba yenu alicheka kikombe kikiwa mdomoni, kahawa ikamtoka puani.

Nimeshawaalika watu wote siku ya Mishumaa. Mpiga kengele wa kanisa, mwenye bucha, kwaya ya kina mama, wote. Nitapika vitumbua vya Krismasi ingawa Krismasi imepita.

Ni mimi mama yako


Nyumbani, 4 Februari 1979

Sidsel,

Walikuja. Natumai u mzima, mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa, na nakuandikia na soli za viatu bado zimelowa.

Kulikuwa na ukungu asubuhi na baridi ya kuuma meno, nikajisemea, Gudrun, leo utakula vitumbua vyako peke yako. Saa sita watu watatu, mmoja wao ni mimi. Halafu jua likatoka, na mji mzima ukatoka nalo. Walijipanga langoni na makofia yao kama wanangoja mkate. Yule bwana Ravnholt wa kamati, mwenye uso wa mtu anayenusa maziwa yaliyochacha, alikuja na saa mkononi.

Laiti ungeona, mwanangu. Theluji imetanda, kila tawi limechorwa mara mbili, jeusi chini na jeupe juu. Ule mti wanaouita wa jini umechanua. Hauna jani hata moja, lakini maua yake ya manjano yametoka kwenye gome kama nyuzi zilizofumuka kwenye sweta, yamepigwa na barafu na hayajali. Nilisogeza pua. Limau na asali, Sidsel, Februari, katikati ya theluji. Watu walikuwa wananusa zamu kwa zamu, wameinama kama wako altareni. Chini ya miti yenye gome jeupe maua mengine ya manjano, madogo kama vifungo, yametoboa pale Troels alipopasafisha. Maua ya chenga bado, yamechungulia tu.

Bodil alisimama pale kwenye matawi mekundu muda mrefu hadi nikahisi amepata kiharusi. Nikamwendea. Akasema, "Gudrun, nimeishi mji huu miaka yangu yote na sikujua tuna kitu kama hiki." Nilikuwa nimeandaa la kumchoma, nikaliacha. Nikampa kitumbua.

Ravnholt alivua kofia. Mbele ya mti, si mbele ya mtu. Halafu akampa Troels mkono, akasema kamati itakaa, lakini yeye kwa upande wake ameshaona.

Troels alikuja kwangu watu walipoondoka. Uso wote umemwiva kwa baridi. Akasema, "Angekuwepo Sidsel." Kisha akaenda kufunga lango.

Sijapata barua yako tangu Krismasi. Labda ndege hazitui.

Mama yako


Nyumbani, 18 Februari 1979

Sidsel. Theluji ilirudi Jumanne mbaya kuliko ya kwanza. Gari la mafuta lilikwama barabarani, boila likazimika. Troels alikuwa kule peke yake siku ya pili, anachoma mabenchi na mbao za vyungu. Alipanda ngazi kufagia paa, paa likashuka naye. Vioo vyote, na theluji yote juu yake. Wanajeshi walimtoa Alhamisi. Yuko hai. Mguu umevunjika, kifua kimeumia, vidole vya mkono wa kulia vimeliwa na baridi, viwili wamevikata. Hasemi. Nimemwita hageuki.

Njoo.

Mama


Godthåb, 27 Februari 1979

Mama,

Nimepata barua yako leo. Tuna tufani hapa tangu wiki jana, hakuna ndege, na simu ya redio inakatika. Niambie anakula. Niambie joto lake ni kiasi gani na kifua kinasikikaje, waulize wauguzi, uandike kila wanachokwambia.

Siwezi kusema nakuja. Mkunga mwenzangu yuko kaskazini kwenye makazi ya wawindaji na mimi nina wanawake wanne wanaokaribia siku zao. Hata ningekuwa naweza, sijui kama angetaka kuniona.

~~Mwambie kwamba yale niliyo~~

Mwambie apone.

Sidsel


Nyumbani, 7 Machi 1979

Sidsel mwanangu,

Sitakuuliza hali, utanisamehe, nitakuuliza nikimaliza.

Uliniuliza kama anakula. Hali chochote. Wanamtia maji kwa mpira, na supu mimi mwenyewe namwekea mdomoni, inatoka upande wa pili. Amelala ameuangalia ukuta tangu walipomleta. Daktari anasema mguu utaunga na kifua kinapona, na vidole vitatu vinatosha kufanya kazi nyingi. Tatizo, anasema, mgonjwa mwenyewe hayupo. Nilimuuliza hayupo yuko wapi. Akaangalia viatu vyake. Daktari mzima.

Mimi ninajua yuko wapi. Yuko bado chini ya vile vioo. Na nadhani anajua maneno gani yalimtangulia pale, maana siku wanamleta, akiwa na homa, alisema kitu kimoja: "Alisema nitafia kwenye vyungu." Ndilo la mwisho kutoka kinywani mwake. Sikuandiki hivi nikuumize. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia.

Ule mstari uliofuta nimeuinua mbele ya taa. Umefuta vizuri mno, sikuona kitu. Laiti ungefuta vibaya kidogo.

Bustani imefungwa. Nyumba ya vioo imebaki mbavu. Mitende imekuwa ya kahawia, na mgomba umeanguka kama nguo iliyoloa. Wameukata, limebaki gogo lenye majimaji ardhini, wameniambia basi, umekufa. Bodil ananiletea chakula na hatupigani tena, ujue mambo yalivyo mabaya.

Juzi nilipita kwenye uzio wa kaskazini, pale ambapo waya umelala. Nilikuwa na hasira na mahali pale, nilitaka nipatukane. Sikuweza. Theluji ilikuwa imefika kiunoni, haina wayo wa mtu, ila nyayo za sungura peke yake, na yale matawi mekundu yakisimama juu yake, na ule mti wa jini bado una maua. Hakuna aliyekuja kuutazama na bado unachanua. Nikajiuliza, huyu mwanangu alifanya kazi gani nzuri namna hii, halafu imemfanyia nini? Nilichimba kwa mikono chini ya mti mweupe, nikapata maua ya chenga matatu, yametoka. Nikamwekea kwenye glasi kando ya kitanda, upande wa ukuta, ayaone atake asitake.

Kesho yake nikakuta mawili. Wanaiba hata ua la mgonjwa, Sidsel. Nilimwuliza nesi Vibeke, akawa mwekundu hadi masikioni, akasema hajui. Anayafahamu, yule. Na uso wake ule wa malaika.

Njoo. Nimeringia watu maisha yangu yote kwamba sijawahi kumwomba mtu kitu. Sasa nakuomba wewe. Sijui nitamweka mpaka lini hapa kwa vijiko vya supu.

Mama yako,
Gudrun


Godthåb, 20 Machi 1979

Mama,

Natumai barua hii itakukuta na nguvu. Sijalala vizuri tangu ya kwako ya tarehe saba ifike, na nimewaandikia makao makuu kuomba mtu wa kushika nafasi yangu. Hawajajibu.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie, na usinikasirikie. Katika ndege ile ile ilikuja bahasha nyingine, haina jina la mtumaji, ina muhuri wa posta ya nyumbani. Ndani yake barua ya chenga. Shairi la Baba:

Kichwa nimeinamisha, baridi isinione,
Jina langu ni vitone, mwenye macho ahesabu;
Ukikosa kunijua, Pasaka uje nione,
Ulete yai la kuku, hiyo ndiyo yako tabu.

Na vitone sita. Na ua, limelala kama karatasi, lakini bado lina rangi ya kijani kwenye ncha.

Mama, najua ulitaka kunivuta. Najua ulidhani nikiona mwandiko wa nyumbani nitafunga mzigo. Lakini michezo, wakati huu? Mdogo wangu anageukia ukuta na wewe umeketi na mkasi? Nilikasirika hadi nikaitupa. Kisha nikaiokota, kwa sababu niliona jinsi ilivyokatwa. Wewe uliyekuwa ukikata nyota na ndege hadi majirani wanaomba, hii imekatwa pande zimepishana, matundu yamechanika, na herufi zimelala kama za mtoto. Ndipo nikalia. Mkono wako umeanza kutetemeka, Mama, na hukuniambia. Unazeeka kule peke yako na mimi niko huku nahesabu mwamba.

Basi, nakisia. Gudrun. Mchezo umekwisha, hakuna deni la yai. Tafadhali usikate tena karatasi kwa mkono huo, utajikata vidole.

Mwanao,
Sidsel


Nyumbani, 30 Machi 1979

Si mimi.

Mkono wangu haujatetemeka tangu nizaliwe, nenda kamuulize yeyote. Jana tu nimetia uzi kwenye sindano kwa jaribio moja, Bodil akiwa shahidi. Ningekata barua ya chenga ungeitundika ukutani, usingeitupa. Pande zimepishana, mimi? Nilisoma hapo nikasimama jikoni na barua yako nikawa nazungumza na sufuria kwa hasira. Nilikuwa nimeshavaa koti niende posta kukutumia maneno, ndipo nikasoma tena: matundu yamechanika, herufi zimelala kama za mtoto. Nikakaa chini na koti langu.

Sidsel, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji. Amekata kwa kushoto.

Nilikwenda hospitali sikumbuki nilipita njia gani. Nesi Vibeke nilimkuta kwenye korido nikamshika shati. "Wewe. Lile ua." Akaanza kulia, maskini, mimi nimemchukia mwezi mzima. Siku ile nilipoyaleta, nilipoondoka, Troels alimwonyesha kwa kidole mkasi wake wa bendeji. Hakusema kitu. Akaonyesha karatasi. Alihangaika nayo hadi jioni, jasho likimtoka, na jina lako na mji aliandika mwenyewe juu ya bahasha. Vibeke akabandika stempu. Troels akaweka kidole mdomoni, kwamba asiniambie. Ndiyo sheria ya mchezo, asingeniambia hata ningemfunga kamba.

Halafu akarudi ukutani, na akangoja. Mimi nilidhani anangoja kufa, kumbe alikuwa anangoja posta.

Nikaingia. Nikaketi upande ule wa mgongo wake kama kila siku. Nikasema, "Sidsel ameandika. Amepata barua ya chenga." Bega likakaza. Nikasema, "Amekisia. Anaapa ni mimi. Anasema ni Gudrun, na mchezo umekwisha."

 Nilisikia matone ya mpira. Halafu aligeuka. Polepole, Sidsel, maana kifua kinamuuma, lakini aligeuka mwenyewe, akaniangalia. Macho yamezama, ndevu kama za mzee. Akasema:

"Yai."

Basi. Hilo tu. Jioni nilimpa supu, ikashuka vijiko vitatu, cha nne akakataa. Tangu hapo hajasema lingine.

Daktari ameniita pembeni. Anasema amekonda mno, moyo umechoka, siku zinazokuja ndizo zitakazoamua, na nisijenge ghorofa juu ya neno moja. Nimemwambia nimeshajenga, na naweka mapazia. Lakini wewe nitakwambia, kwa kuwa wewe ni mkunga na umeona mengi: ninaogopa. Ninaogopa kwenda nyumbani na ninaogopa kuja asubuhi. Neno lile ni jembamba. Nimelishika kwa mikono yote miwili na linaniteleza. Anayeweza kulishika upande wa pili ni wewe tu, maana deni ni lako. Umekosa. Umekisia vibaya kama ulivyokosa ulipokuwa mdogo, na unadaiwa, na yai la deni la chenga halitumwi kwa posta, unajua vizuri, hupelekwa mkononi.

Usingoje makao makuu. Nenda ukakae mlangoni pao. Waambie una mama mwendawazimu.

Nimekwenda kwa bwana Ravnholt nyumbani kwake, anakula. Nilimwambia nataka lango la kaskazini lifunguliwe siku moja. Akasema bustani imefungwa, na kamati bado haijakaa. Nikamwambia, "Wewe ulivua kofia pale, nilikuona." Alitafuna akameza. Akasema atalifungua kwa mkono wake. Theluji huko kaskazini haijaisha, mwaka huu haina haraka, njia bado ni ya baridi. Ule mti wa jini umeanza kumwaga maua yake, lakini maua ya chenga sasa ndiyo yametanda, chini ya miti yote nyeupe, hujui theluji inaishia wapi na maua yanaanzia wapi. Vibeke ameahidi kiti cha magurudumu na mablanketi. Nesi mkuu hajui, atajua siku hiyo. Mwenye bucha atakuja, kwaya itakuja, mpiga kengele, Bodil na mwanawe wa benki pia, nimemwambia aje aone miti inavyohesabiwa. Nimewaambia wote kwamba binti yangu anakuja kutoka Greenland na kwamba mwanangu atakuwa pale langoni kumpokea. Nimesema hivyo kwa watu wote hao, Sidsel, kwa mdomo wangu huu, na hakuna hata kimoja ninachojua kama kitakuwa. Usinifanye mwongo mbele ya Bodil.

Njoo na yai. Lichemshe hukohuko lisivunjike njiani.

Ni mimi mama yako, mwenye mkono usiotetemeka,
. . . . . .

Nimesahau kutaja siku. Ni Jumapili ya Pasaka, tarehe kumi na tano Aprili, saa nane mchana, lango la kaskazini, wote.